Kutoka Qingming hadi Duanwu: sikukuu za Wachina za Aprili hadi Juni, na kwa nini "wanafuata mwezi" si jibu kamili

MtoQiantang (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Aprili mtu akiuliza kwa nini ofisi ya Wachina imefungwa, hujibiwa "wana sikukuu yao, hao wanafuata mwezi." Nimesoma Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, kisha nikabaki huko kikazi, na jibu hilo sijawahi kuridhika nalo. Qingming, ambayo ndiyo hufunga ofisi mwanzoni mwa Aprili, haihusiani na mwezi hata kidogo. Inafuata jua.

Wachina wa kale waliugawa mwaka wa jua katika vipindi 24, kila kimoja siku kumi na tano hivi. Mkulima ndiye aliyehitaji hesabu hiyo, kwa sababu mpunga hausubiri mwezi kuandama, unasubiri joto na mvua. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza vipindi hivyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Qingming ni cha tano, huanguka tarehe 4 au 5 Aprili, kama siku 15 baada ya ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Kinachofuata ni Guyu, karibu na tarehe 20 Aprili, cha mwisho katika majira ya machipuko. Halafu Lixia, tarehe 5 au 6 Mei, ambacho kwao ndicho mlango wa kiangazi. Katikati ya hivi ndipo zinapoingia sikukuu zinazofuata mwezi kwelikweli: kuzaliwa kwa Mazu, kuzaliwa kwa Buddha, na Duanwu yenye mashua za joka. Kwa hiyo hesabu ni mbili, na zinakwenda sambamba.

Nianze na Qingming, maana ndiyo niliyoiona kwa karibu zaidi.

Ni siku ya kuwazuru marehemu. Familia hukusanyika, hata aliyehamia mji wa mbali hutafuta tiketi ya treni mapema. Vijijini kusini makaburi mengi yako kwenye miteremko ya vilima, basi watu hupanda na majembe, mafagio na vikapu. Wanang'oa magugu. Wanaongeza udongo juu ya kaburi. Maandishi yaliyofifia kwenye jiwe hupakwa rangi upya. Kisha wanapanga matunda, chai, pombe na chakula alichokipenda marehemu, wanawasha udi, wanachoma karatasi zilizotengenezwa kwa mfano wa fedha ili zimfikie huko aliko. Mijini serikali nyingi zimebana uchomaji huo kwa kuhofia moto na moshi, na watu wengi sasa hupeleka maua meupe na ya njano.

Jambo lililonigusa ni kwamba siku hiyohiyo ni ya matembezi. Mkimaliza makaburini mnazunguka mashambani, maua ya haradali yamefunika mabonde kwa unjano, watoto wanarusha tiara. Huzuni na furaha vimewekwa pamoja makusudi.

Ndani ya Qingming imemezwa sikukuu nyingine ya zamani, Hanshi, siku ya chakula baridi. Simulizi yake inamhusu Jie Zitui, mtumishi wa mwana wa mfalme wa Jin aliyekuwa uhamishoni. Njaa ilipowabana, Jie alikata nyama ya paja lake akampikia bwana wake. Mwaka 636 K.K. bwana akarudi kutawala, akagawa vyeo, akamsahau Jie. Jie hakudai. Alimchukua mama yake wakaenda kuishi mlima Mian. Mtawala alipokumbuka alimfuata, akashindwa kumpata, akashauriwa autie moto msitu upande mmoja ili atoke. Hakutoka, na baadaye walikuta maiti mbili. Ndipo watu wakaacha kuwasha moto siku ile, wakala vilivyopikwa jana. Hadi leo huko Jiangnan, eneo la kusini mwa mto Yangtze, Qingming haiendi bila qingtuan, vitumbua vya duara vya unga wa mchele wa kunata, vya kijani kwa sababu unga hukandwa na maji ya majani machanga ya mmea wa jamii ya artemisia, ndani vimejazwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Huliwa baridi.

Nitaendelea na Guyu na chai. Karibuni kwa maswali.

---

FundiReli

Mkuu, uzi huu umenigusa kwa sababu nimekulia upande wa reli. Ongeza Gongo la Mboto. Pale nje ya Dar es Salaam kuna makaburi ya Wachina waliofia Tanzania, wengi wao wakati wa kujenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, ile reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ni zaidi ya makaburi 60, yamepangwa kwa safu, mawe yana maandishi ya Kichina. Kila Qingming watu wa ubalozi wao, wafanyakazi wa kampuni zao na Watanzania kadhaa huenda kuweka maua na kuinamisha vichwa. Hata Xi Jinping alipokuja Machi 2013 alifika pale.

Watu wengi wanapita barabara ile hawajui. Waliolala pale walikuwa mafundi, wapimaji, madereva, wengi bado vijana. Kwa maoni yangu sisi tuliopanda treni ile tuna haki na wajibu wa kufika pale Aprili, si kuwaachia ubalozi peke yao.

---

MtoQiantang

Fundi, umesema neno zito. Kwa Mchina wa kawaida, kaburi lisilo na wa kulifagia ni msiba juu ya msiba. Mtu aliyezikwa ugenini, wazazi wake wameshafariki, labda hakuacha mtoto, ndugu hawawezi kumudu safari ya kuvuka bahari, huyo ndiye anayehurumiwa kuliko wote. Mtanzania akishika fagio pale, anawafanyia kazi ya ndugu wa marehemu. Ukiwasimulia wazee wa kule jambo hilo wanakusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

---

Bint_Makunduchi

Ahsante kwa darsa. Nina swali la hesabu. Mwezi wetu wa Hijria unazunguka mwaka mzima, Ramadhani leo iko kwenye joto, kesho iko kwenye masika. Sasa hiyo Duanwu nayo inafuata mwezi, mbona haihami kwenda Desemba?

Kwetu Makunduchi tunalielewa jambo la hesabu mbili vizuri tu. Idi na Maulidi tunafuata mwezi, lakini Mwaka Kogwa unafuata Nairuzi, hesabu ya jua, ndiyo maana unaukuta Julai kila mwaka. Wazee walipanda na kusafiri baharini kwa hesabu hiyo.

---

MtoQiantang

Bi mkubwa, mfano wako wa Nairuzi ni bora kuliko maelezo yangu yote. Tofauti ni kwamba pwani hesabu hizo mbili kila moja inakwenda njia yake, Wachina wao wamezifunga pamoja.

Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Hijria inauacha upungufu huo, kwa hiyo inazunguka. Wachina huongeza mwezi mzima kila upungufu unapofikia kiasi, miezi saba katika miaka 19. Mwezi upi urudiwe? Wanaangalia vile vipindi vya jua. Mwaka 2023 mwezi wa pili ulirudiwa, Duanwu ikasogea hadi tarehe 22 Juni. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Juni. Mwaka 2025 ikawa 31 Mei, na kwa kuwa mwaka huo mwezi wa sita ulirudiwa, 2026 inaruka hadi 19 Juni. Inayumba kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, lakini haitoki hapo.

---

Kericho254

Wadau, naomba tufike kwa chai. Hapa kwetu Mei 21 tunaambiwa ni Siku ya Chai Duniani. Sisi chai tunachuma mwaka mzima, mvua ikinyesha tunachuma, jua likiwaka tunachuma kidogo. Hiyo Mei ilitoka wapi?

---

MtoQiantang

Swali zuri, na jibu lake liko hukohuko kwenye majira ya machipuko.

Kabla ya hapo nchi kadhaa zinazolima chai ziliadhimisha tarehe 15 Desemba, tangu 2005. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha tarehe 21 Mei mwishoni mwa 2019, China ikiwa mbele katika kuipendekeza, na FAO, shirika la umoja huo la chakula na kilimo, ndiyo inayoisimamia. Sababu waliyotoa ni kwamba katika nchi nyingi msimu wa kuvuna huanza Mei. Kwa aliye karibu na ikweta kama wewe hilo halina maana sana, lakini kwa Mchina, chai na machipuko ni kitu kimoja.

Hangzhou ndiko inakotoka Longjing, chai ya kijani ya vilima vya pembeni mwa Ziwa Magharibi. Wakati wa baridi mchai hulala. Machi chipukizi za kwanza zinatoka, ndogo, laini, zenye nguvu yote iliyohifadhiwa miezi ya baridi. Zikichumwa kabla ya Qingming zinaitwa "za kabla ya Qingming" na bei yake ni ya kutisha. Zikichumwa kati ya Qingming na Guyu ni daraja la pili, na wazee wengi hunywa hizo kwa sababu zina ladha nzito zaidi na mfuko unaziweza. Baada ya Guyu jani limeshakuwa pana, bei inaporomoka. Kwa hiyo kalenda ileile inayompeleka mtu makaburini ndiyo inayompangia mkulima bei. Siku mbili za kuchelewa ni hasara.

Ukipita kijiji cha Longjing wiki hizo utaona wazee wamekaa mbele ya karai la moto, wanakandamiza na kugeuza majani kwa kiganja kitupu hadi yawe bapa. Kazi ya joto lile ni kulizuia jani lisibadilike rangi, ndiyo maana linabaki kijani. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua ufundi wa Wachina wa kutengeneza chai pamoja na desturi zake.

Guyu yenyewe maana yake ni mvua ya nafaka, mvua inayokuja mbegu zikiwa zimeshaingia ardhini. Ina hadithi nyingine: Cangjie, mtu anayesimuliwa kuwa ndiye aliyebuni maandishi ya Kichina, alipomaliza kazi yake mbingu ilinyesha mtama. Huko Baishui, mkoa wa Shaanxi, kuna hekalu lake na ibada hufanyika siku ya Guyu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa ukaichagua tarehe 20 Aprili kuwa Siku ya Lugha ya Kichina. Tukumbuke Kiswahili nacho kina tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na chanzo chake ni TANU ya 1954 kukifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. Wao walichukua siku ya mkulima na hadithi ya kale, sisi tulichukua siku ya siasa ya ukombozi. Nazipenda zote mbili.

---

Kericho254

Shukran, sasa nimeelewa. Huku kwetu ni chai nyeusi, jani linakatwakatwa na mashine na kuachwa libadilike rangi kabla ya kukaushwa, na Kenya ndiyo inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Lakini hiyo ya chipukizi ya kwanza kuuzwa ghali na mkulima mwenyewe akijua kwa nini ni ghali, hilo ndilo sisi tunakosa. Hapa jani bora na jani la kawaida mchumaji analipwa kwa kilo. Mei 21 ikifika, mazungumzo yanafaa yaanzie hapo.

---

KijanaWaPangani

Umetaja Mazu ukapita haraka. Huyo ni nani? Mimi ni mtu wa bahari, nimewahi kusikia mabaharia wa Kichina wana mama yao wanayemwomba.

---

MtoQiantang

Ndiye huyo. Nilikuwa nasubiri mtu wa pwani aulize.

Kwa mapokeo yao alikuwa binti wa ukoo wa Lin, aliyezaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, mkoa wa Fujian. Alisifika kwa kuwaonya wavuvi juu ya dhoruba na kuwaokoa. Akafa kijana, watu wakaanza kumwomba, wafalme wakampa vyeo kimoja juu ya kingine, na leo mahekalu yake yameenea kila bandari Wachina wa kusini walikofika. Kuzaliwa kwake huadhimishwa tarehe 23 ya mwezi wa tatu wa mwandamo, yaani Aprili au Mei. Taiwan huwa na matembezi makubwa: sanamu yake hutolewa hekalu la Dajia, watu hutembea nayo usiku na mchana kwa siku tisa, kilomita zaidi ya 300, na wanavijiji njiani wanawapa chakula na maji bila malipo.

Kinachotuhusu sisi ni hiki. Merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme wa China, zile zilizofika Mogadishu na Malindi karne ya 15, zilisafiri chini ya ulinzi wake. Mwaka 1431, kabla ya safari ya mwisho, Zheng He alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, kumshukuru kwa kuwaokoa baharini. Zheng He mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, na hilo halikumzuia kuwajengea mabaharia wake mahali pa kuomba. Twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415 huenda alivuka bahari pamoja na watu waliokuwa wakimwita mama huyo kila upepo ulipochafuka.

---

MzigoKariakoo

Mkuu, hadithi ni nzuri, ila mimi natoa mzigo Guangzhou na Yiwu. Nipe siku ambazo nikituma oda hakuna anayejibu.

---

MtoQiantang

Sawa kaka. Qingming ni siku moja ya sheria, lakini hupangwa iungane na wikiendi iwe siku tatu. Duanwu vivyo hivyo. Zote mbili ziliingia kwenye mapumziko ya kitaifa mwaka 2008, pamoja na sikukuu ya katikati ya vuli. Kabla ya hapo watu walizuru makaburi kwa kuomba ruhusa kazini.

Siku ya Wafanyakazi, 1 Mei, ndiyo ya kuiogopa. Mwaka 2008 ilipunguzwa kutoka siku tatu hadi moja ili kupisha hizo za jadi, na tangu 2025 imeongezwa ikawa mbili. Kwa kuungwa na wikiendi huwa siku tano, na treni zote hujaa. Siku hizo hazitolewi bure: Jumapili fulani hugeuzwa kuwa siku ya kazi kufidia. Kwa mfano 2025 walipumzika 1 hadi 5 Mei, wakafanya kazi Jumapili ya 27 Aprili. Ratiba rasmi hutangazwa kabla ya mwaka kuanza, mwombe wakala wako akupe. Tarehe 4 Mei ni Siku ya Vijana, kumbukumbu ya wanafunzi wa Beijing wa 1919 waliopinga haki za Wajerumani huko Shandong kupewa Japani, lakini viwanda havifungi kwa ajili yake.

Hong Kong ina ya ziada. Kuzaliwa kwa Buddha, tarehe 8 ya mwezi wa nne wa mwandamo, ni mapumziko pale tangu 1999, China bara si mapumziko. Siku hizo kisiwa chao cha Cheung Chau hujenga minara ya mikate iliyogongwa muhuri mwekundu wenye maandishi ya amani, na vijana hushindana kuipanda. Mwaka 1978 mnara ulianguka watu wakaumia, mashindano yakasimama hadi 2005.

---

NesiWaTemeke

Nimesoma kimya. Mimi Mei naifahamu kwa tarehe 12, Siku ya Wauguzi. Nilisikia Duanwu asili yake ni ya afya, si mashua tu. Ni kweli?

---

MtoQiantang

Ni kweli dada, na upande huo unasahaulika sana.

Anza na Lixia, mlango wa kiangazi. Kusini walikuwa na desturi ya kuwapima watu uzito siku hiyo kwa mizani kubwa ya kuning'iniza, watoto wakitiwa kikapuni. Joto likija watu hukosa hamu ya kula, basi walitaka kujua mtu ameingia msimu akiwa na kilo ngapi. Wewe unayepima watoto kliniki utaielewa haraka. Watoto huvishwa yai la kuchemsha shingoni ndani ya kifuko cha nyuzi, kisha wanagonganisha mayai. La nani limepasuka, huyo ameshindwa.

Duanwu ni tarehe 5 ya mwezi wa tano, na mwezi huo uliitwa mwezi mbaya. Joto na unyevu vinapanda, wadudu wanaamka, magonjwa ya tumbo na homa yanazidi. Walitaja wanyama watano wa sumu: nyoka, nge, tandu, chura na mjusi. Basi milangoni hutundikwa matawi ya artemisia (jamii moja na ule mmea wa dawa ya malaria, ingawa ni aina nyingine) na majani marefu ya mmea wa majini yenye harufu kali. Watoto hufungwa mkononi nyuzi za rangi tano na kuvishwa vifuko vya manukato. Zamani watu wazima walikunywa pombe iliyochanganywa na madini ya realgari. Madini hayo yana aseniki, usimshauri mtu.

Juu ya hayo ndipo kinakuja kisa cha Qu Yuan, mshauri na mshairi wa dola ya Chu, aliyefukuzwa kwa kusema ukweli na kujitosa mto Miluo mwaka 278 K.K. Wavuvi walipiga makasia kumtafuta, wakatupa wali mtoni ili samaki wasimguse. Suzhou watakwambia ni kwa ajili ya Wu Zixu, waziri wa kale wa dola ya Wu, na sehemu za Zhejiang watakutajia binti Cao E aliyejitosa kumtafuta baba yake. Kila mto una marehemu wake. Mwaka 2009 Duanwu ikawa sikukuu ya kwanza ya Wachina kuingia orodha ya UNESCO.

---

Bint_Makunduchi

Na huo wali ndio zile zongzi? Kuna rafiki wa binti yangu alituletea, nikaogopa kuonja.

---

MtoQiantang

Ndizo. Mchele wa kunata unafungwa ndani ya majani ya mwanzi au matete, umbo la pembetatu, unachemshwa saa kadhaa. Tahadhari yako ni sahihi: za kusini, hasa za Jiaxing, nyingi zina nyama ya nguruwe, na nyingine zina kiini cha yai la bata la chumvi pamoja na mafuta ya nguruwe. Za kaskazini kwa kawaida huwekwa matunda mekundu ya jamii ya kunazi au maharage matamu. Muulize rafiki huyo ametokea mkoa gani na ndani kuna nini, maana jani la nje halikuonyeshi kitu. Na kama mtaa wenu kuna Wachina wa jamii ya Hui, ambao ni Waislamu, wao wana zao za halali, tamu, huliwa baridi na asali juu.